Mgonjwa Aliyeitwa Kupiga Kura

Pale bungeni kila mtu alimwita Sista, kuanzia Spika mpaka wafagiaji, na wala hawakukosea, maana alikuwa muuguzi, tena wa siku nyingi. Ujana wake aliumalizia wodi ya wazazi katika hospitali kubwa ya mjini, akaizoea damu na mayowe kama wengine wanavyozoea mvua. Wenzake walisema yule mama hana woga hata wa dawa. Mgongo ulipoanza kumgomea kwa kuinua wagonjwa, akahamishiwa zahanati ya bunge. Mumewe, fundi seremala ambaye mdomo wake haukukaukiwa mzaha, alimwambia, "Sasa umepata kazi ya kuwachua waheshimiwa. Utanenepa, shauri yako."

Kazi yenyewe kweli ilikuwa nyepesi. Zahanati ilikuwa vyumba viwili tu mwisho wa korido ya chini: vitanda vitatu vyenye mapazia ya kijani katikati, kabati la dawa, jokofu dogo, na juu ya mlango spika ndogo iliyoleta sauti za ukumbini mchana kutwa. Haikuwa na swichi. Waheshimiwa walikuja na kiungulia baada ya chakula cha mchana, walikuja na vichwa vinavyogonga, na wengine walikuja kulala tu, wanavua viatu na kuomba wafungiwe pazia. Sista alijua nani soksi zake zimetoboka na nani anakoroma kama trekta. Alijua pia kwamba ukifika muswada mzito, wagonjwa huongezeka.

Siku hiyo muswada ulikuwa mzito kweli. Serikali ilitaka bonde moja kubwa lifanywe hifadhi ya maji, na watu wote wanaoishi na kulima humo waondolewe. Mji umekauka, serikali ilisema, na maji yako kule. Wapinzani walisema watu wanafukuzwa kabla ya kuonyeshwa pa kwenda. Hata ndani ya chama tawala walikuwepo walionung'unika, kwa hiyo kura zilikaribiana, na jambo kama hilo lilikuwa halijatokea miaka mingi.

Kwa kawaida kupitisha muswada kulikuwa kazi ya kelele. Spika anauliza wanaoafiki waseme ndiyo, ukumbi unanguruma. Anauliza wasioafiki, unanguruma tena. Kisha anaamua mwenyewe ngurumo ipi ilikuwa kubwa. Ndani ya ngurumo mtu anaweza kujificha. Lakini asubuhi ile mpinzani mmoja alikuwa amesimama akadai kura ya majina, na wenzake wa kutosha wakasimama naye. Maana yake kila mbunge ataitwa kwa jina lake, mmoja mmoja, aseme neno lake kwenye kipaza sauti, nchi nzima ikisikiliza redioni.

Daktari wa zahanati, mtu mwenye pua kali ya kunusa mambo, alikumbuka ghafla kwamba gari lake lina matengenezo. Akaaga kabla ya saa nne. Sista akabaki peke yake.

Saa nane hivi mlango ulifunguliwa bila kugongwa, akaingia Mwalimu.

Walimwita Mwalimu kwa sababu alikuwa amefundisha jiografia shule ya sekondari kabla ya kuingia siasa. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuwauliza watu hali za watoto wao na kusubiri jibu. Jimbo lake lilikuwa lile bonde lenyewe. Alizaliwa humo na kulelewa humo na shangazi yake, na wakati wa uchaguzi alisimama juu ya meza sokoni akaapa kwamba hakuna mtu atakayeondolewa hata hatua moja yeye akiwa hai.

"Sista," alisema, akaketi kwenye kitanda cha dirishani na viatu vyake, "niandikie mapumziko."

"Unaumwa wapi, Mwalimu?"

"Popote utakapopenda."

Sista alicheka, lakini mwenzake hakucheka. Akaanza kueleza kwa sauti ya chini, akiangalia mlango. Chama kilikuwa kimekaa kikao jana na kutoa neno moja: kila mbunge wake aseme ndiyo. Atakayesema hapana anafukuzwa chama, na ukifukuzwa chama, ubunge nao umekwenda. Atakayesema hana upande atahesabiwa amesema hapana. Atakayekosekana bila sababu, vilevile. Sababu iliyokubalika ilikuwa moja tu, ugonjwa, na ugonjwa ulitakiwa uthibitishwe na zahanati hii.

"Na siku zote umekuwa ukifanyaje?" Sista aliuliza.

"Siku zote nafungua mdomo," Mwalimu alisema. "Wenzangu wakipiga kelele, nami nafungua mdomo, lakini sitoi sauti. Miaka mitatu sasa. Hakuna aliyewahi kugundua." Alisema hivyo kama mtu anayesimulia wizi alioufanya. "Leo sina kelele ya kujifichia."

Sista alimfunga mkono kitambaa cha kupimia presha, hasa ili apate muda wa kufikiri. Alikuwa ameshawaona wagonjwa wa aina hii, huwapa kidonge cha maumivu na kuwarudisha. Akabonyeza. Mashine ikavuma, ikapumua, ikaandika. Aliiangalia namba, akafungua kitambaa, akafunga mkono wa pili, akapima tena. Namba ya juu ilikuwa imevuka mia mbili.

"Mwalimu, kichwa kinakuuma?"

"Tangu jana."

"Macho je? Unaona vizuri?"

"Kuna ukungu kidogo. Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe ni mgonjwa kweli. Vua viatu, lala. Hapa hutoki."

Na hapo Mwalimu alifanya kitu ambacho Sista hakuwahi kukiona kwa mgonjwa yeyote. Alifurahi. Uso ulimfunguka kama wa mtoto aliyeambiwa leo hakuna shule. "Kumbe naumwa!" alisema. "Sista, Mungu akubariki, kumbe naumwa kweli!" Akalala, akajifunika shuka mpaka kifuani. Sista akampa kidonge ambacho daktari huruhusu kwa hali kama hiyo, kisha akampigia daktari simu mara mbili. Haikupokelewa.

Simu iliyolia ilikuwa ya Mwalimu. Alikuwa shangazi yake, na kwa kuwa yule bibi alizoea kuongea kwa sauti ya kuvuka mto, Sista alisikia kila neno.

"Baba, watu wamejaa uani kwangu."

"Wanafanya fujo, shangazi?"

"Ingekuwa fujo ningejua la kufanya. Wametandika mikeka, wamekaa. Wameweka redio katikati. Hawasemi kitu. Mwenye duka amefunga duka amekuja. Hata wale wasiosalimiana wamekaa pamoja. Niwaambie nini?"

"Waambie naumwa, shangazi. Niko kitandani. Muuguzi yuko hapa."

Sauti ya redio ilisikika kwa mbali, upande ule wa simu, na upande huu spika ya mlangoni ikisema maneno yaleyale.

"Hayo, baba," shangazi akasema mwishowe, "hata mimi ningeyasikia kwa mtu mwingine nisingeyaamini." Akakata.

Mwalimu akabaki na simu kifuani. Kengele ya kuwaita wabunge ukumbini ikaanza kulia, mlio mrefu unaopenya kwenye meno.

Haukupita muda mlango ukagongwa, taratibu, kwa kucha. Aliingia Mama Mnadhimu.

Kila chama bungeni kina mnadhimu wake, ambaye kazi yake ni kuhakikisha wabunge wa chama wanakuwepo na wanapiga kura kama chama kinavyotaka. Huyu alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti laini kuliko pamba. Hakuna aliyewahi kumsikia akifoka. Nyuma yake walisimama askari wawili wa bunge na kiti cha magurudumu.

"Pole, mwanangu," alimwambia Mwalimu, ingawa hawakupishana sana umri. "Tumesikia." Kisha akamgeukia Sista. "Mdogo wangu, hongera na kazi. Peke yako leo? Daktari kakuachia mzigo wote."

"Nimezoea, mama."

"Na binti yako anaendeleaje pale chuo cha uuguzi? Mwaka wa pili huu, eeh? Nasikia anafanya vizuri. Kuna watu wangu pale, wananiambia."

Sista hakuwahi kumwambia yule mama kwamba ana binti. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote pale bungeni binti yake anasoma wapi. Alisikia baridi inamtambaa kuanzia kisogoni, ikashuka mgongoni, ikakaa. Yeye aliyeshika watoto waliozaliwa bila pumzi mpaka wakalia, akaificha mikono mifukoni.

"Anaendelea vizuri, mama. Ahsante."

"Tumshukuru Mungu. Sasa, huyu ndugu yetu, anaweza kukaa?"

Mwalimu alimtazama Sista kutoka kwenye mto. Macho yake yalikuwa yamemkaa usoni.

Jibu la kitabibu Sista alilijua. Jibu lilikuwa kwamba mgonjwa huyu haruhusiwi kuinuka, na kama kuna gari, limpeleke hospitali kubwa sasa hivi. Lilikuwa limekwisha kupangika mdomoni. Lakini mbele ya lile jibu alikuwa amesimama msichana wa miaka ishirini aliyevaa sare nyeupe, anacheka, hajui lolote.

"Kukaa anaweza," alisema. "Lakini, mama..."

"Ahsante, mdogo wangu," Mama Mnadhimu alisema, na ile lakini ikabaki hewani bila mwenyewe. Askari walikuwa wameshamshika Mwalimu makwapani.

Sista aliwaangalia wakimvalisha viatu. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Ndipo akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Nitakwenda naye. Ana presha mbaya. Akianguka humo ndani bila muuguzi, nitaulizwa mimi."

Mama Mnadhimu alifikiri kidogo, akatabasamu. "Vizuri sana. Watu waone jinsi tunavyojaliana."

Katika miaka yote ya kazi pale, Sista alikuwa hajawahi kukanyaga ukumbini. Aliujua kwa sauti tu. Alidhani ni mkubwa zaidi. Kumbe ulikuwa chumba cha baridi kali chenye zulia zito linalomeza hatua, na watu wamepangwa wakitazamana, kila mmoja na kipaza sauti chake. Alikisukuma kile kiti mpaka kwenye nafasi ya Mwalimu, akasimama nyuma yake, mkono mmoja kwenye mpini, mwingine juu ya mshipa wa kifundo cha mkono wa mgonjwa. Mshipa ulikuwa unakimbia. Au ulikuwa wa kwake, hakuweza kutofautisha.

"Mheshimiwa Mnadhimu," Spika aliuliza kutoka juu, akishusha miwani, "yule aliyesimama pale ni nani?"

"Mheshimiwa Spika, ni muuguzi wetu. Mwenzetu hajisikii vizuri, lakini amesisitiza aje kutimiza wajibu wake."

Upande mmoja ukagonga meza kwa shangwe. Mwalimu akafumba macho.

Katibu wa bunge alianza kusoma majina. Alisoma bila haraka na bila hisia, kama anayesoma majina ya wanafunzi darasani, na kila aliyeitwa aliinama kwenye kipaza sauti. Ndiyo. Ndiyo. Hapana. Ndiyo. Sista alidhani watu wakubwa kama wale hulisema neno lao kwa kifua. Lakini akiwa karibu vile aliona mengine. Aliona mzee mmoja akijifuta viganja kwenye suruali kabla ya kuitwa. Aliona mama mmoja, ambaye wiki iliyopita alimtibu tumbo, akisema ndiyo halafu akatazama chini kwenye meza na kubaki hivyo. Aliona kijana wa upinzani akisema hapana kwa kelele mno, goti lake likitikisika chini ya meza. Karibu wote walikuwa wanaogopa, na jambo hilo halikumpa nafuu hata kidogo. Lilimtisha zaidi. Kama hawa wanaogopa, alijiuliza, mimi nashikilia nini?

Kisha Katibu akataja jina la Mwalimu, jina lote kamili, ambalo Sista alikuwa hajawahi kulisikia likisemwa lote.

Mwalimu aliinama mbele. Mdomo wake ukafunguka, ukafungika. Kipaza sauti hakikutoa kitu.

"Sijasikia," Katibu alisema, akalirudia jina.

Mdomo ukafunguka tena, ukafungika. Ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba Sista alisikia mvumo wa mashine za baridi. Akamfikiria yule bibi na redio yake uani.

Wabunge wakaanza kupiga kelele. Upande huu: "Amesema ndiyo! Tumemsikia!" Upande ule: "Hapana! Amesema hapana!" Spika akagonga nyundo.

"Tulieni. Tulieni, waheshimiwa. Huyu mtu ni mgonjwa. Wewe, muuguzi, uko karibu naye. Amesemaje?"

"Utaratibu, Mheshimiwa Spika!" mpinzani mmoja aliruka. "Tangu lini mbunge akapigiwa kura na muuguzi?"

"Sijampa kura, nimeazima masikio yake. Kaa chini. Muuguzi?"

Askari akasogeza kipaza sauti mbele ya Sista. Hakuwahi kujua kwamba woga unaweza kuziba masikio. Aliona watu wote wamemgeukia, nyuso kwa nyuso, na katikati yao uso mmoja wenye tabasamu laini, nyusi zimeinuliwa kidogo tu, kama mtu anayemsubiri mtoto akumbuke somo. Kusema "ndiyo" kungekuwa rahisi ajabu. Neno lenyewe dogo. Binti angemaliza chuo. Kusema "hapana" hakukumjia hata kwa mbali, alikuja kukiri baadaye kwa mumewe. Ujasiri huo hakuwa nao. Lakini kidole chake kilikuwa bado juu ya mshipa wa mgonjwa, na maisha yake yote ya kazi alikuwa amefundishwa kwamba ukiulizwa hali ya mgonjwa, unasema ulichokiona.

"Hajasema kitu, mheshimiwa," alisema.

Sauti yake ilitoka kwenye kuta zote, kubwa kuliko yeye.

Mwalimu aligeuza shingo akamtazama. Hayakuwa macho ya hasira. Yalikuwa macho ya mtu aliyefunuliwa shuka mbele za watu.

"Basi aulizwe kwa mara ya mwisho," Spika alisema.

Katibu akalisoma jina mara ya tatu. Mwalimu aliegemea kipaza sauti, akameza mate, na kwa sauti iliyokwaruza, lakini iliyosikika vizuri mpaka bondeni, akasema, "Ndiyo."

"Ndiyo," Katibu akarudia, akasoma jina linalofuata.

Muswada ulipita. Ulipita kwa kura nyingi kuliko walivyotarajia, kiasi kwamba hata bila kura ya Mwalimu ungepita, na hilo ndilo lililomuuma zaidi alipolisikia. Walikuwa wamerudi zahanati wakati huo, yeye kitandani, viatu miguuni. Alikuwa analia bila sauti, machozi yakiteleza kwenda masikioni.

"Nilitaka kusema hapana," alisema. "Sista, nakuapia, hapana ilikuwa imeshafika kwenye meno."

Sista alifanya alilolijua: akamfunga kitambaa, akabonyeza. Presha ilikuwa imeshuka, tena imeshuka vizuri.

"Ngapi?" Mwalimu aliuliza.

Alipoambiwa, aligeukia ukutani. "Unaona?" alisema. "Hata mwili wangu una akili za woga."

"Ni kidonge," Sista alimwambia. "Kidonge kimefanya kazi yake." Alilisema mara kadhaa, na alitaka sana liwe kweli.

Simu ikalia. Mwalimu aliiangalia ikitetemeka juu ya shuka, akatikisa kichwa, akamsukumia Sista. "Pokea wewe. Tafadhali. Siwezi."

"Shikamoo, shangazi," Sista alisema. "Mimi ni muuguzi wa hapa."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ya bibi safari hii ilikuwa ndogo. "Ni wewe uliyesema hajasema kitu?"

"Ni mimi."

"Tulikusikia. Wamekwenda. Wamekunja mikeka yao, hakuna aliyenitukana. Mmoja hata amenifagilia uwanja. Afadhali wangetukana. Mwambie asije mwezi huu. Mwambie siyo mimi ninayemkataza." Kisha akauliza, "Na kweli anaumwa? Usinifiche."

"Anaumwa kweli, shangazi."

"Haya. Mtunze basi."

Jioni ile, kabla ya kufunga zahanati, Sista alijipima mwenyewe. Namba iliyotoka hakumwambia mtu.

Alitegemea kuitwa ofisini kesho yake. Hakuitwa. Alitegemea wiki iliyofuata. Mama Mnadhimu alipita koridoni akamsalimia kwa jina, akamuuliza mgongo unaendeleaje, akaenda zake. Hakuna kilichotokea, na hilo ndilo lililomnyima usingizi. Binti alipiga simu akicheka. "Mama, wenzangu wanasema sauti yako imetoka redioni. Nimewaambia mama yangu hawezi kuongea bungeni hata kwa kulipwa." Sista aliuliza kama kuna mtu yeyote amemfuata pale chuoni, amemuuliza chochote. "Nani anifuate, mama? Una nini?" Akamwambia hana kitu, ale vizuri, asitoke peke yake.

Mumewe aliacha mzaha siku kadhaa, jambo ambalo ndani ya nyumba ile lilikuwa kama msiba. Alisikiliza yote, kisha akasema, "Rudi wodini. Mgongo tutaufunga mkanda. Mimi siwezi kuishi na mtu anayeshtuka mlango ukigongwa, na mimi ndiye fundi milango."

Akaomba uhamisho, akapewa bila swali hata moja. Aliyeidhinisha, alikuja kusikia, alikuwa Mama Mnadhimu, ambaye alimtakia kila la heri.

Bonde lilianza kuhamishwa mwaka uliofuata. Shangazi alikuwa wa mwisho mwisho kuondoka, akaenda kukaa kwa ndugu upande wa mumewe. Hakukubali nyumba aliyotafutiwa mjini na Mwalimu. Mwalimu mwenyewe alipewa unaibu wa kamati fulani, akawa anaonekana kwenye magazeti, amenenepa shingo. Uchaguzi uliofuata hakugombea. Alisema ni afya.

Mara moja moja humwandikia Sista ujumbe kwenye simu. Haandiki mambo mengi: anamsalimia, anamuuliza binti, ambaye sasa ni muuguzi naye, yuko wodi ya jirani. Kila Sista anaposoma swali hilo kuhusu binti, ile baridi huanzia kisogoni, ingawa anajua anayeuliza ni nani na kwamba hana ubaya. Husubiri ipite. Kisha hujibu kwamba wote wazima, na humuuliza kama bado anameza vidonge vyake kila siku, hata zile siku anazojisikia vizuri.

Jibu huwa lilelile, fupi. Anameza.